Nta ya Kuvukia Skaret

Jumatano, 9 Januari 1952

Nimehamia leo. Nimepewa chumba cha juu katika nyumba ya Bi Olava, mkunga aliyenitangulia, ambaye amestaafu na sasa anakaa chini na hasemi zaidi ya "maji yamo ndooni." Nje ni nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, theluji kavu kama unga, hali ya kwetu Østerdalen kabisa. Nimepaka ski zangu, mbao ndefu za kutelezea thelujini, nta ya kijani, ile ngumu ya baridi, nikazunguka kanisa. Nikipanda zinashika, nikishuka zinateleza. Hiyo ndiyo kazi yote ya nta, lakini watu wa bonde hili wanaizungumzia kwa kunong'ona kama habari za mirathi.

Nilipokwenda kuchukua kuni niliziona ski za Bi Olava zimetundikwa bandani, nyayo, yaani upande wa chini, zikitazama nje. Zimegandwa na utando mweusi unaonata, na sindano za misonobari zimekwama humo. Mkunga mzima hakwangui ski zake! Kwetu angechekwa hadi kaburini.

Jumamosi, 12 Januari

Nimevuka mlima kwenda shamba la Øvrebakk kumpima Sigrunn. Unapanda msituni, unatokea juu ambako hakuna mti hata mmoja, unapita Skaret, pale mlima ulipokatika katikati, halafu unashuka upande wa pili. Barabara haipo. Wakati wa baridi ni ski, au farasi na kigari cha theluji kama theluji imeshindiliwa vizuri.

Sigrunn alikuwa mlangoni, mkono tumboni. Hakunitazama usoni. Aliinama, akainua ski yangu moja, akaigeuza, akatazama unyayo.

"Safi," akasema. "Karibu ndani, mkunga. Kahawa iko tayari."

Mimba ni nzuri, mtoto anacheza. Anatarajiwa mwisho wa Aprili. Nilipokuwa nafunga viatu kuondoka, mumewe Jostein alinifuata ukumbini.

"Usimchukulie vibaya, dada," akasema. "Mwaka jana, Aprili vilevile, Bi Olava alitufikia ski zikiwa begani. Theluji iliganda chini yake, kila hatua anainua donge. Akazivua, akatembea kwa miguu, anazama mpaka mapajani. Alipofika, kitovu kilikuwa kimeshamkaba mtoto shingoni. Alikuwa wa kiume."

"Pole sana, Jostein."

"Tumeshapoa. Ila yeye, kila anayekuja hapa, lazima amtazame nyayo."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Mtoto amekufa kwa sababu ya nta mbaya! Usiku huu Bi Olava kaniwekea supu jikoni nami nimeinywa bila kumwambia asante.

Jumapili, 20 Januari

Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kijani. Hakuna habari.

Jumanne, 29 Januari

Torgunn, mwenye duka na simu, kaniambia habari za Mzee Embrik, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye hupika nta yake mwenyewe jikoni: lami ya msonobari, nta ya nyuki, tyubu za baiskeli zilizochakaa, na santuri za gramafoni anazoziponda kwa nyundo. Makopo yake hayana maandishi, yamefungwa uzi wa rangi tu, na siri ya kila kopo anaijua yeye na Mungu.

"Alizipika hata santuri za nyimbo za dini za marehemu mkewe," Torgunn akasema. "Ndiyo maana nta yake inashika Jumapili tu."

Nilimjibu kwamba kwetu kopo la kijani hututosha kuanzia Krismasi hadi Pasaka. Akacheka mpaka akaishika meza ya duka. "Mwenzangu! Subiri upepo wa baharini, wa fjodi, uanze kupanda huku. Utajua hujui."

Jumapili, 10 Februari

Leo kulikuwa na mashindano ya kijiji baada ya ibada, na nimefanywa mjinga mbele ya watu.

Joto lilipanda asubuhi mpaka sifuri, theluji ikaanza kunyesha kwa vipande vikubwa na vizito. Sijawahi kupaka nta kwa theluji ya namna hiyo. Kuuliza si ujinga, basi nikamwendea Mzee Embrik pale kwenye mstari wa kuanzia. Wakimbiaji walikuwa wamejipanga kando yetu, kila mmoja amegeuza ski zake ziangalie ukuta zisionekane.

"Mzee, leo unapaka nini?"

"Kijani," akasema bila kupepesa macho. "Leo kijani tu, binti yangu."

Nils wa kinu cha mbao alikuwa amesimama karibu, akasikia, akapiga magoti haraka akapaka kijani juu ya alichokuwa nacho. Nami nikapaka kijani. Mashindano yenyewe hayakuwa yangu, mimi nilikuwa nakwenda kumtazama mama mzazi kilima cha pili. Nilipanda hatua moja nikarudi mbili. Niliteleza kinyumenyume mpaka kwenye ua wa kanisa, nikaanguka juu ya begi langu, mbele ya mchungaji. Nils naye alifika wa mwisho, amelowa, akitukana. Mzee Embrik alikuwa wa tatu. Ana miaka sitini na nane.

Nilimfuata nyumbani kwake na theluji bado inanidondoka.

"Umenidanganya!"

"Nimemdanganya Nils," akasema, akinimiminia kahawa. "Wewe ulisimama katikati. Kwenye mstari wa mbio mtu haulizi, na akiuliza hajibiwi ukweli. Hata mchungaji hajibiwi. Kwenu vipi, mnaambizana?"

"Kwetu tunaambizana."

"Kwenu theluji ni moja," akasema. "Hakuna cha kuficha."

Nimeinywa kahawa yake kwa sababu nilikuwa nimeganda. Lakini simwamini tena, na nimemwambia hivyo.

Alhamisi, 21 Februari

Nyuzi tatu chini ya sifuri asubuhi, moja juu mchana, kumi chini jioni. Nimenunua buluu na zambarau. Kopo la kijani linanitazama kutoka rafuni kama ndugu niliyemtupa.

Ijumaa, 29 Februari

Theluji mvua. Torgunn haongei kingine. "Umeionja theluji?" ananiuliza kila asubuhi, kana kwamba ni mchuzi.

Jumatano, 19 Machi

Bonde zima linayeyuka mchana na kuganda usiku. Theluji imekuwa chembe za barafu, inakwangua nta ngumu kabla hujapanda nusu ya kilima. Hapo ndipo wanapotumia gundi: kitu chekundu cha kwenye tyubu, kizito kama asali iliyochacha, kinanata vidoleni, kwenye nywele, kwenye mpini wa mlango, kwenye paka. Nimeipaka leo kwenda kwa Sigrunn, na kwa mara ya kwanza nikapanda msitu wote bila kuteleza hatua hata moja. Nilijisikia fundi.

Halafu nikafika juu. Pale Skaret kulikuwa na barafu tupu iliyofagiliwa na upepo, sawa, gundi iliishika. Nikaanza kushuka upande wa pili, na upande ule ulikuwa wa baridi. Usiku ulinyesha unga mpya, mkavu. Unga uliingia kwenye gundi. Hatua ya tano nilikuwa nimesimama juu ya donge la ukubwa wa mkate. Nililipiga kwa fimbo, likatoka na kurudi. Nikazivua ski, nikazama mpaka mapajani.

Nilikaa kwenye theluji nikalia. Sikulia kwa uchovu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemchukia mwanamke mzee tangu Januari kwa jambo lililonipata mimi mchana kweupe, jua likiwaka, na hakuna aliyekuwa ananingoja kwa uchungu.

Nilikwangua gundi yote kwa kisu cha mkate, vidole havina hisia, nikapaka buluu, nikafika. Sigrunn aligeuza ski. Akaona alama za kisu. Hakusema "safi." Alisema, "Kwa hiyo na wewe."

"Na mimi," nikamjibu. "Lakini leo, si siku ya uchungu."

Tukanywa kahawa na mkate wa jibini ya kahawia. Mtoto amekaa kichwa chini, vizuri. Nimemwambia kabla ya kuondoka ashuke mapema bondeni angoje kwangu. Amekataa mara mbili kwa ajili ya ng'ombe na mara moja kwa ajili ya mama mkwe, mwishowe akakubali: Jumapili ya Matawi Jostein atamleta kwa farasi.

Nilipofika nyumbani nilikwenda bandani, nikazitazama zile ski tena. Ule utando mweusi ni gundi iliyopigwa na vumbi. Ni ileile ya siku ile, hajaigusa. Jioni nilipopewa supu nilisema asante. Bi Olava alinitazama kidogo, akasema, "Chumvi ipo."

Jumamosi, 29 Machi

Nimefanya mazoezi kila siku. Mtu anayejua hunipa jibu nusu, hivyo nauliza theluji yenyewe. Unaichota, unaifinya: ikishikana ni ya joto, ikimwagika ni ya baridi. Gundi peke yake inafaa barafu na inakamata unga. Nta ngumu peke yake inafaa unga na inaliwa na barafu. Kwa njia yenye vyote viwili unapaka gundi chini, unaiacha igande kabisa, ndipo unafunika na nta ngumu juu. Nils kaniambia hivyo, kwa hasira ya Februari, ili kumkomoa Mzee Embrik. Kila mtu hapa analijua hilo. Taabu ni ile "igande kabisa." Ikibaki laini, nta ya juu inazama ndani yake na umefanya kazi bure.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Farasi wa Jostein alizama njiani juzi hadi tumboni, kasema Torgunn. Theluji imeoza. Jumapili ya Matawi sijui.

Alhamisi, 3 Aprili. Nimeandika Ijumaa asubuhi, Øvrebakk.

Torgunn alinijia mbio asubuhi, aproni kichwani kwa sababu ya mvua. "Simu! Sigrunn. Chupa imepasuka."

Wiki tatu kabla. Dukani Mzee Embrik alikuwa kwenye kahawa yake, na kabla sijafika kwenye simu alikuwa ameshaiweka tyubu ya gundi juu ya jiko ipate joto.

"Paka hii, nenda," akasema. "Angalia nje, mvua inanyesha. Gundi tupu. Usipoteze dakika."

Nilishika simu. Jostein alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake nilisikia Sigrunn akiguna.

"Jostein, toka nje, chota theluji, ifinye. Inashikana?"

"Dada, una akili kweli? Mke wangu yuko hapa anaumwa, unaniuliza theluji?"

Kisha sauti kutoka mbali, ya kukatika pumzi: "Mwambie haishikani! Ni unga! Nimeitazama tangu alfajiri!"

Mwanamke yuko kwenye uchungu na ametoka nje kupima theluji.

"Na Skaret?"

"Barafu," Jostein akasema, sasa kwa utulivu. "Naiona kutoka dirishani. Inang'aa."

Nikakata simu. Mvua mlangoni kwangu, barafu juu, unga upande wa pili. Nikamwambia Mzee Embrik, "Gundi, halafu niipoze, halafu kijani juu."

"Kijani! Kwenye mvua? Utarudi kinyumenyume msitu mzima."

"Msituni nitapanda upandeupande kama kaa. Nta ni ya pale pagumu, mzee, si ya mlangoni kwa Torgunn. Wewe hujavuka Skaret tangu lini?"

Alijigusa kiunoni. Akaweka kikombe. "Miaka kumi na moja," akasema. "Nyonga haitaki mteremko ule." Kisha: "Lakini utaipozea wapi? Nje kuna nyuzi mbili juu ya sifuri. Haitaganda leo wala kesho."

Torgunn ndiye aliyesema: "Ghala la barafu." Wanakata barafu ziwani mwezi wa Februari, wanaifukia kwenye unga wa mbao kwa ajili ya siagi ya kiangazi. Tulipaka gundi, mimi ski moja, mzee nyingine, tabaka jembamba, tukaisawazisha kwa kiganja. Yeye alikuwa mwepesi na safi kuliko mimi na sikuona haya kumtazama na kuiga. Tukafukua matofali ya barafu, tukazilaza ski juu yake nyayo zikitazama juu, tukafunga mlango.

Halafu tukasimama.

Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo. Begi nimelivaa, viatu nimefunga, mwanamke anazaa upande wa pili wa mlima, na mimi nimesimama nikingoja gundi iwe baridi. Mzee Embrik alifungua mlango akagusa kwa kidole. "Bado." Akafunga. Nilitaka kumpiga. Simu ikalia. Torgunn akaenda, akarudi.

"Jostein anauliza kama umeshatoka."

"Sema ameshatoka," Mzee Embrik akasema papo hapo.

"Hapana," nikasema. "Mwambie ukweli. Mwambie ski zinapoa."

Alikwenda. Nilimsikia akizungumza, akanyamaza, akazungumza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Sigrunn anasema uzipoze vizuri."

Mzee alifungua tena, akagusa, akanionyesha kidole. Kilikuwa kikavu. Tukapaka kijani juu kwa wepesi, tukasugua kwa kizibo bila kukandamiza ili gundi isiamke, na nikatoka.

Msituni ilikuwa kama alivyosema mzee, nilipanda upandeupande, nikishika matawi, nikitukana. Yeye alinifuata na begi langu mgongoni, anachechemea, ananitukana mimi. "Upana zaidi! Miguu yako ya Østerdalen hiyo!" Alinifikisha mwisho wa miti. Pale juu mvua ilikuwa imekuwa theluji. Alinivisha begi, akageuka bila kuaga.

Skaret barafu ilikwangua kijani kidogokidogo, lakini gundi ya chini ikaanza kuuma, na nilipita bila kuanguka. Kisha ule mteremko. Nilishuka mita mia, nikasimama, nikainua ski kuitazama. Nilikuwa naogopa. Ilikuwa safi. Nilishuka njia yote nikiimba kwa sauti, na mimi siimbi.

Jostein alikuwa langoni. Kutoka chumbani Sigrunn alipiga kelele, "Zigeuze!"

Jostein aligeuza moja, akageuza ya pili. "Safi! Sigrunn, ni safi!"

Hapo Sigrunn alilia kilio ambacho sikukisikia hata wakati wa kuzaa.

Mtoto alikuja kabla ya machweo. Kitovu kilikuwa shingoni, kimekaza, kama cha kaka yake. Niliingiza kidole, nikakilegeza, nikakipitisha juu ya kichwa. Alikuwa wa buluu, na kwa muda hakufanya lolote. Nilimsugua mgongo. Halafu akakasirika, akalia. Ni msichana. Kama ningefika saa moja baadaye, nisingekuwa na kazi ya kufanya zaidi ya kumfunika.

Katikati ya uchungu, kati ya wimbi na wimbi, Sigrunn aliniuliza, "Ulipaka nini?" Nikamweleza yote, gundi, barafu ya siagi, kijani. Alisikiliza kama watu wanavyosikiliza Injili. "Mzee Embrik alikubali kijani?" akauliza. Nikasema alikubali. Akacheka mpaka wimbi lingine likamkatisha.

Jumanne, 22 Aprili

Theluji imeisha bondeni. Tope.

Jumapili, 1 Juni, Pentekoste

Ubatizo. Jina ni Guri, la bibi yake. Nje ya kanisa Nils alinibana kwenye kona.

"Mkunga, sema ukweli. Siku ile ya Aprili ulikuwa na nini chini?"

"Buluu," nikasema.

"Zambarau," akasema Mzee Embrik wakati uleule, kutoka nyuma yangu.

Nils alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaenda zake akitikisa kichwa. Mzee alinipa mkono. Ni mara yake ya kwanza.

Bi Olava alikuja kanisani. Torgunn anasema hajaingia tangu mwaka jana. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na baada ya baraka akatoka upesi. Sigrunn alimfuata na mtoto. Walikutana pale makaburini, mbele ya kile kijiwe kidogo cha mtoto wa mwaka jana, nami nilikuwa nyuma yao nimebeba shali. Sigrunn akanyoosha mikono, akamkabidhi mtoto. Bi Olava alimpokea kama mkunga, kiganja chini ya kichwa, bila hata kufikiri. Watoto wote wa bonde hili waliozaliwa kwa miaka thelathini walipokewa na mkono ule.

Baadaye, tulipokuwa tunatembea kwenda nyumbani, aliniuliza, "Ulipaka nini?"

Sikumdanganya. "Gundi chini. Kijani juu."

"Ulingoja igande?"

"Nilingoja."

Tulitembea mpaka langoni.

"Mimi sikungoja," akasema. "Simu ilikuwa inalia."

Nilimwambia kwamba mwezi wa Machi, kwenye mteremko uleule, nilikaa kwenye theluji na madonge miguuni nikalia. Nilimwambia kwamba kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemhukumu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya viazi. Kisha akafungua mlango, akanitangulia kuingia, akaweka sufuria ya kahawa jikoni, vikombe viwili.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Nimeamshwa asubuhi na sauti bandani. Nimefungua dirisha nikasikiliza: kisu kinakwangua mbao, taratibu, kinasimama, kinakwangua tena. Nimevaa, nimeshuka kumshikia ski ya pili.